Tunamkabidhi Nani Watoto Wetu?

 Safari hii tunaanzia Makutupora.

Ninyi mnaoishi Dodoma mnaifahamu Makutupora. Iko kaskazini mwa jiji, kando ya barabara iendayo Kondoa hadi Arusha. Wengi tunaijua kwa mambo mawili: visima vinavyolinywesha jiji la Dodoma, na mizabibu inayostawi katika udongo ule mwekundu. Lakini kwa mama mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita, jina hilo lina maana nyingine. Hapo pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na majina yanapotangazwa, baadhi ya watoto wetu hujikuta wamepangiwa huko kwa mafunzo ya miezi mitatu.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, alituita nyumbani kwake jioni moja tumsaidie kufunga sanduku la binti yake wa kwanza. Orodha ya vitu ilikuwa mezani: bukta ya bluu iliyokolea inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu, nguo ya kuzuia baridi. Mama yule alivihesabu vitu hivyo mara tatu. Binti akacheka, akasema, "Mama, ni miezi mitatu tu."

Mama akamjibu, "Najua, mwanangu. Lakini katika miezi mitatu hiyo, nani atajua kwamba wewe ukinyamaza ndipo una homa?"

Hatukuwa na jibu. Tuliondoka na swali hilo, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mtoto umemzaa, umemnyonyesha, umemjua kwa sauti ya hatua zake akiingia mlangoni. Kisha siku inafika unamkabidhi kwa watu usiowajua. Je, watu hao ni nani? Na yule aliye juu yao wote, ambaye tabia yake hushuka hadi kwa mwalimu wa gwaride wa mwisho, anapaswa kuwa mtu wa namna gani?

JKT ni malezi kwanza

Wengi wetu tuliomaliza shule katika miaka ya 1980 tulipita JKT wenyewe. Tunakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, jembe, na nyimbo za usiku. Lakini watoto wetu hawaijui historia, basi tuikumbuke kidogo.

Wazo la kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa lilitolewa katika mkutano wa Umoja wa Vijana wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Aprili mwaka 1963. Katibu Mkuu wa umoja huo alikuwa Joseph Nyerere, mdogo wake Mwalimu. Tarehe 10 Julai mwaka huo huo JKT ikaanzishwa. Tangu hapo imetajwa kuwa na kazi tatu: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi wa taifa. Angalieni, akina mama, neno linalotangulia. Ni malezi.

Mwaka 1994 mafunzo ya lazima yalisimamishwa kwa sababu ya uhaba wa fedha. Vijana wa kujitolea wakaanza tena kuchukuliwa mwaka 2001, na wale wa mujibu wa sheria, yaani wanaomaliza kidato cha sita, wakarudishwa kambini mwaka 2013. Mwezi Julai 2023 JKT iliadhimisha miaka 60 hapa hapa Dodoma, na makao makuu yake yako Chamwino, si mbali nasi.

Mkuu wa JKT ni afisa wa jeshi anayeteuliwa na Rais, na wakuu hupokezana. Kwa mfano, mwaka 2021 Charles Mbuge aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera, na Rajabu Mabele akashika nafasi yake JKT. Magazeti yakiandika juu ya mkuu huandika mengi kuhusu ujenzi na mashamba. Tunasoma habari za ukuta wa Mirerani wenye urefu wa kilomita 24.5, ambao vijana wa JKT waliujenga na ukazinduliwa Aprili 2018. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini ukuta unapimika kwa kamba. Malezi yanapimwa kwa nini?

Ili tujibu swali hilo tumetafuta maisha ya mtu mmoja aliyeongoza chombo cha vijana cha taifa kwa muda mrefu, ili tuone mwanzo wake na mwisho wake. Tumempata kwa jirani zetu wa Kenya. Nao wana chombo kinachofanana na JKT, kiitwacho Huduma ya Vijana kwa Taifa, ambacho wengi hukitaja kwa herufi zake, NYS. Kilianzishwa mwaka 1964, na mkurugenzi wake wa kwanza alikiongoza kwa miaka 24. Jina lake ni Geoffrey William Griffin.

Kijana aliyevaa sare ya wengine

Huenda baadhi yenu mtashangaa. Griffin alikuwa Mzungu. Alizaliwa Eldoret tarehe 13 Juni 1933, baba yake akiwa afisa wa polisi wa serikali ya kikoloni. Alisoma Kitale, kisha Nairobi katika shule ya Prince of Wales, ambayo wakati huo ilikuwa ya watoto wa Kizungu peke yao. Alipotoka shuleni alifanya kazi katika idara ya upimaji wa ardhi. Ilikuwa njia ya kawaida ya kijana wa jamii yake.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari nchini Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Griffin, kijana asiyefikisha hata miaka ishirini, akaingia jeshini katika kikosi cha King's African Rifles akawa luteni. Alikuwa upande ule ambao akina mama wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru waliuogopa. Hatuwezi kulificha jambo hili kwa sababu tu baadaye alitenda mema. Mama aliyechomewa nyumba hakuwa na sababu ya kuuliza kama luteni fulani ana moyo mzuri.

Lakini huko vitani Griffin aliona kwamba watu aliokuwa akipigana nao walikuwa na malalamiko ya kweli, hasa juu ya ardhi yao. Akaiacha kazi ya jeshi. Kwa kijana wa umri wake, aliyezaliwa katika jamii ile, kuacha sare wakati wenzake wote wameivaa halikuwa jambo dogo. Hata hivyo hakukimbilia shambani wala ofisini. Alikwenda kufanya kazi na wale waliofungiwa.

Watoto wa Manyani

Katika kambi ya Manyani, njiani kuelekea Mombasa, walifungiwa maelfu ya watu. Miongoni mwao walikuwamo wavulana wadogo. Hebu tusimame hapa kidogo. Mtoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, amewekwa pamoja na watu wazima nyuma ya waya wa miiba. Mama yake hajui yuko wapi. Pengine mama mwenyewe naye amehamishwa kijijini kwake.

Katikati ya miaka ya 1950 wavulana hao walitengwa na watu wazima wakapelekwa Wamumu, katika tambarare za Mwea. Griffin alikuwa mmoja wa viongozi wa Wamumu. Wavulana zaidi ya elfu moja walifundishwa huko kusoma na kuandika, wakafundishwa ufundi, wakacheza mpira, wakapiga gwaride. Walipotoka walitafutiwa kazi.

Hapa pia tuseme kweli yote. Serikali ya kikoloni ilipenda kuwapeleka wageni Wamumu wakaione, huku mambo ya kutisha yakitendeka katika kambi nyingine. Uzuri wa mahali pamoja ulitumiwa kufunika ubaya wa pengine. Na watoto wale hawakuwa wamekwenda Wamumu kwa hiari yao. Mzazi anayesoma habari hizi ana haki ya kukunja uso.

Lakini kuna jambo ambalo Griffin alijifunza pale, ambalo alilibeba maisha yake yote. Aliona kwamba kijana ambaye watu wazima wamemwita mhalifu, ukimwamini na kumpa kazi ya maana, hubadilika. Waliofika wakiwa adui zake ndio waliogeuka kuwa wafanyakazi wenzake. Mmoja wao, Joseph Gikubu, ambaye mwenyewe alikuwa kizuizini akiwa kijana, alikuja kuwa mshirika wake wa karibu katika kazi kubwa iliyofuata.

Mabanda mawili ya bati

Vita vile viliacha mitaa ya Nairobi imejaa watoto. Baba amefungwa au amekufa, mama ametawanyika na ndugu, na mtoto analala barazani mwa duka. Tarehe 14 Novemba 1959, Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha kituo cha kuwapokea wavulana hao. Hawakuwa na jengo. Walikuwa na mabanda mawili ya bati waliyopewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Mahali pale palikuwa Starehe, na kituo kikaitwa Starehe.

Griffin alikuwa na miaka 26. Wengi wetu tuna watoto wa umri huo ambao bado tunawakumbusha kutandika kitanda.

Starehe ilikua ikawa miongoni mwa shule zilizofaulu sana nchini Kenya. Watoto maskini walisoma bure, na baadaye wazazi wenye uwezo wakawa wanaomba watoto wao nao wapokewe na kulipa ada. Mtoto wa waziri na mtoto wa mtaani walivaa sare moja na kushika ufagio mmoja. Mkuu wa shule alisifika pia kwa kuombaomba misaada kwa ajili ya watoto hao, hata kitabu cha maisha yake kikamwita bingwa wa ombaomba wa Kenya. Ombaomba wa namna hiyo, akina mama, tungependa tuwe naye mmoja katika kila wilaya.

Kenyatta anamchagua

Sasa tunafika mahali ambapo pametufundisha zaidi. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka 1964 serikali mpya ikaanzisha NYS. Vijana walikuwa wengi, hawana kazi, na wengine walikuwa wametoka msituni au kizuizini. Walikuwa na matumaini makubwa juu ya uhuru, na matumaini hayo yakicheleweshwa huweza kugeuka hasira. Huku kwetu, mwezi Januari mwaka huo huo, askari walikuwa wameasi Dar es Salaam. Kila serikali ya Afrika Mashariki ilikuwa inajiuliza itafanya nini na vijana wake.

Mzee Jomo Kenyatta alikuwa amekamatwa na wakoloni Oktoba 1952 na kunyimwa uhuru wake hadi Agosti 1961. Sare ya waliomfunga ndiyo ile Griffin aliyowahi kuivaa. Hata hivyo, serikali yake Kenyatta ndiyo iliyomteua Griffin, mwenye miaka 31, kuwa mkurugenzi wa vijana wa taifa zima.

Je, ilikuwa kosa? Wapo waliouliza, na ilikuwa haki yao kuuliza. Lakini ushahidi ulikuwa pale pale Starehe. Watu wa Nairobi walikuwa wameona kwa miaka mitano jinsi alivyowatendea watoto ambao hakuna aliyewataka. Hiyo ndiyo barua ya sifa aliyokuwa nayo.

Griffin aliongoza NYS tangu 1964 hadi 1988. Vijana walifunzwa nidhamu na ufundi, wakajenga barabara katika maeneo makavu na kulima mashamba ya serikali, kama ambavyo wenzao wa JKT walivyokuwa wakifanya huku. Na katika miaka hiyo yote 24 hakuiacha Starehe. Alishika kazi zote mbili, ya ofisi kubwa ya serikali na ile ya watoto wa mabanda ya bati. Alipostaafu NYS aliendelea na Starehe hadi alipofariki kwa saratani tarehe 28 Juni 2005. Alizikwa hapo hapo shuleni. Miezi michache kabla ya kifo chake, Januari 2005, ilikuwa imefunguliwa Starehe ya wasichana, jambo alilokuwa akilitaka kwa muda mrefu. Sisi akina mama wenye mabinti tungesema lilichelewa, lakini tunashukuru lilifika.

Baraza la wanafunzi

Mtu anaweza kufikiri kwamba aliyelelewa jeshini aliwaongoza vijana kwa filimbi na fimbo. Ni kweli alikuwa mtu wa nidhamu kali. Starehe kulikuwa na kengele, gwaride, na usafi unaokaguliwa. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo shule nyingi za wakati ule hazikuwa nayo. Kila wiki kulikuwa na baraza. Wanafunzi walikusanyika pamoja naye, na mvulana yeyote, hata mdogo kuliko wote, aliweza kusimama akauliza au akalalamika mbele ya watu wote. Chakula kibaya? Kiranja anaonea? Sema. Mkuu naye hujibu hapo hapo, mbele ya wote.

Katika miaka ambayo shule nyingi za Kenya zilikumbwa na migomo na mabweni kuchomwa moto, Starehe ilisifika kwa utulivu. Mwenyewe aliona kwamba baraza lilikuwa sababu mojawapo kubwa. Kijana anayesikilizwa kila wiki hana haja ya kuwasha kiberiti ili asikike.

Jambo la pili alilowafundisha ni kurudisha. Vijana waliomaliza masomo Starehe walihimizwa kujitolea kuwahudumia wengine kwa muda bila mshahara. Aliyelishwa bure alijifunza kwamba naye ana kitu cha kutoa.

Akiondoka mkuu, kinabaki nini?

Tungependa kuwaambia kwamba kazi njema ikishaanzishwa hubaki njema yenyewe. Sivyo. Miaka kumi baada ya kifo cha Griffin, mwaka 2015, na tena mwaka 2018, NYS ilikumbwa na kashfa kubwa za fedha za umma, mpaka kesi zikafika mahakamani. Majengo yalikuwapo. Sare zilikuwapo. Sheria ilikuwapo.

Kwa hiyo, akina mama, anayesema kwamba haidhuru nani ni mkuu, mradi chombo kipo, anakosea. Nyumba ni hiyo hiyo, lakini mama mwema akiondoka kila mtu anayeingia huhisi ubaridi. Tunapomwombea mtoto wetu anayekwenda kambini, tumkumbuke na mkuu wake. Na tunapopata nafasi ya kuwauliza viongozi wetu, tusiulize tu mmejenga nini. Tuulize pia: kijana mwenye shida, anasema wapi, na nani anamjibu?

Nasi nyumbani je?

Lakini tusimtupie mkuu mzigo wote. Turudi Makutupora kwa mwenzetu tuliyeanza naye.

Miezi mitatu ilipita. Siku ya kufunga mafunzo tulikwenda naye. Jua la Dodoma mnalijua. Tulikaa tukijipepea kwa khanga, tukitafuta sura moja kati ya mamia ya sura zilizofanana, kila moja imekuwa nyeusi zaidi na imekonda kidogo. Mama yule alipita macho juu ya binti yake mara mbili asimtambue. Gwaride lilipokwisha, binti akaja akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uliumwa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Binti akacheka, kisha akaeleza. Ndiyo, aliumwa malaria wiki ya tano. Hakusema, kwa sababu aliogopa kuonekana mvivu. Aliyegundua alikuwa msichana wa kitanda cha jirani, aliyetoka Kigoma. Usiku alimwambia, "Wewe leo umenyamaza. Una nini?" Akamgusa shingo, akaona inawaka, akamwamsha kiongozi wao. Usiku ule ule akapelekwa kwenye matibabu, na baada ya siku chache akarudi kwenye mafunzo.

Mama yule alitaka kumwona msichana huyo. Wakaletwa pamoja. Alikuwa msichana mfupi, mwenye haya. Tulipomuuliza alijuaje, alisema kwamba kwao yeye ndiye mkubwa, na mama yake akienda shambani humwachia wadogo zake watano. "Mdogo wangu mmoja yuko hivyo hivyo. Akinyamaza, ujue anaumwa."

Mwenzetu alimkumbatia, hakusema neno. Sisi tulifikiria yule mama wa Kigoma ambaye hatujamwona. Hakujua kwamba alipokuwa akimfundisha binti yake kuwatazama wadogo zake, alikuwa akimtunza mtoto wa mwanamke mwingine wa Dodoma. Lile swali lililotushinda siku ya kufunga sanduku, yeye alikuwa amelijibu zamani, jikoni mwake.

Tunaona basi kwamba kazi hii ina sehemu mbili. Mkuu hutengeneza mahali ambapo msichana anaweza kumwamsha kiongozi usiku bila kuogopa. Na sisi ndio tunaowapeleka wasichana wenye macho ya kuona. Mkuu akikosa, macho hayo yatafumbwa kwa hofu. Nasi tukikosa, mkuu hata awe mwema namna gani ataongoza kambi ya vijana wanaolala wakati jirani yao anatetemeka.

Hebu tujaribu mambo haya

Kwa mwezi huu tunawapa mambo machache ya kujaribu nyumbani, hasa ninyi wenye watoto wanaokaribia kwenda kambini au bweni.

Kwanza, anzisheni baraza la nyumbani. Jioni moja kwa wiki, baada ya chakula, kila mtoto apewe nafasi ya kusema kinachomuudhi, hata kama ni juu ya baba au mama. Asikatizwe, na asipigwe baadaye kwa aliyoyasema. Mkianza mtasikia maneno machungu. Vumilieni. Siku akiwa mbali na ana shida, atakuwa amekwisha kujifunza kufungua kinywa.

Pili, mpe kila mtoto mtu wa kumtunza. Mdogo wake, bibi, hata mtoto wa jirani. Wavulana nao pia. Tumezoea kuwafundisha mabinti tu kutambua homa, kisha tunashangaa mume asiyeona kwamba mkewe amechoka.

Tatu, msimtishe mtoto kwa JKT. Mara nyingi tunasema, "Ngoja uende jeshini, watakunyoosha." Tukisema hivyo tunamfundisha kwamba kambi ni adhabu, na kwamba sisi tumeshindwa. Mwambie badala yake kwamba anakwenda kulitumikia taifa lake, na kwamba atakutana na watoto wa akina mama wengine.

Nne, tusimhukumu kijana kwa alikotoka. Griffin alitoka upande wa wakoloni, Gikubu alitoka kizuizini, na wakajenga shule moja. Yule mvulana wa jirani unayemkataza mwanao asicheze naye, pengine hajapata mtu mzima wa kumwamini. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini mkono unaomkunja usiwe wa hasira.

Akina mama wapendwa, mwaka hadi mwaka mabasi yataendelea kushusha watoto Makutupora na katika kambi nyingine, kila mmoja na sanduku lake na shuka mbili za bluu. Utakapomfungia wako, hesabu vitu mara tatu kama mwenzetu. Kisha mkalishe, umwambie neno moja zaidi ambalo halimo katika orodha: amtazame wa kitanda cha jirani.

Tuandikieni mtueleze mliyoyaona watoto wenu waliporudi kutoka JKT, na yale ninyi wenyewe mnayoyakumbuka kutoka siku zenu za kambini. Barua zitakazotufaa sote tutazisoma pamoja katika ukurasa huu. Tunawatakia mwezi mwema na nyumba zenye amani.